Mjumbe Hauawi

Tumemzika jana Henning von Strahlow
chini ya sakafu ya kanisa aliloliezeka kwa deni,
na fundi wa mawe amenijia kuuliza achonge nini.
Nimemwambia: jina, mwaka, ngao yenye korongo wawili.
Mengine hayakai kwenye jiwe.

Haukai, kwa mfano, msimu ule wa theluji tulipokwenda Moscow,
mimi na chupa ya wino kwapani isigande,
yeye na barua ya mfalme kifuani, lakiri tatu nyekundu,
usiku tumelala tumepeana migongo,
kila mmoja na yai lake la kuatamia.

Mpakani, ng'ambo ya kijito kilichoganda,
alitungoja Afanasi Lykov, ndevu zimeota barafu.
Akasema: Ashuke kwanza mgeni.
Bwana wangu akasema: Ashuke kwanza mwenyeji.
Kwani atakayegusa ardhi mbele
mfalme wake ndiye mdogo.
Saa mbili wakaning'inia, mguu mmoja kwenye kikuku cha tandiko,
mwingine hewani, wanaume wawili wazima
kama nguo zilizosahauliwa kambani.
Farasi walikojoa. Mimi niliandika kila kitu.
Alishinda kwa unyayo mmoja,
akalipa vidole viwili, vyeusi kama zabibu kavu;
kinyozi wa Novgorod alivikata kwa koleo
na kudai bei ya vitatu.

Watu husema mjumbe hauawi.
Kweli, hauawi. Huwekwa.
Huwekwa kwenye nyumba yenye jiko linalofuka moshi,
hupewa samaki wa chumvi na askari wa mlangoni,
huambiwa kesho.
Kesho hiyo ilitukalia miezi kumi na mmoja.
Alihesabu misumari ya dari, akamfundisha kunguru Kilatini,
kunguru akajifunza matusi tu.
Tulirudi na kifungu kimoja:
nta na lami zitapita Narva kwa nusu ya ushuru.
Nusu ya ushuru! Mfalme aliyetutuma alikwisha kufa,
na mrithi wake akauliza, Strahlow ndiye nani?

Baadaye ilikuja Warsaw, ikaja Copenhagen,
ambako mikataba haikusainiwa kwa kalamu bali kwa ini.
Alilinywea taifa hadi macho yakawa manjano.
Watoto wake walimwamkia kama wanavyomwamkia kasisi.

Leo asubuhi mjane wake, Ermgard, ameniita jikoni, si sebuleni.
Mikono yake ilinuka vitunguu vya wageni wa matanga.
Akatoa karatasi kutoka kwenye kopo la chumvi:
barua ya Moscow, ya kesho ile,
yote tarakimu, mstari kwa mstari.
Alizoea mno kuficha; hata salamu za mkewe
alizifunga kwa ufunguo wa serikali,
na ufunguo akasahau kuutuma.
Miaka ishirini na tisa ameitunza, hakumwuliza.
"Tewes, wewe ndiwe uliyekuwa ukifumbua. Soma."

Ufunguo wa mwaka ule tuliuchoma Novgorod,
kwa amri, mbele ya mashahidi. Aliyeshika mshumaa ni mimi.
Tarakimu zilinitazama
kama ng'ombe wanavyomtazama mpita njia.
Maisha yangu yote sikuongeza neno kwenye barua ya mtu,
wala nukta.

Nikavaa miwani. Nikasoma.
Nilianza na paa la ghala, maana bwana angeanza na paa,
kisha yule farasi wa kijivu, auzwe kabla ya Pasaka,
kisha nikashusha sauti
nikasoma yale mengine.

Hakulia. Alifuta kisu kwenye aproni,
akavuta kigoda karibu,
akasema: Soma tena.
Polepole.

Nami, mdomo wazi, ndipo nikakumbuka
kwamba sikuwa nimeyaandika popote.